Mwisho wa Siku ni Saa Ngapi? Kirai Kimoja cha Tafsiri na Maandishi ya Kariakoo

Ikisiri

Kirai "mwisho wa siku", kilichofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, kimezoeleka katika magazeti, hotuba na hata tasnifu za Kiswahili. Makala haya yanahoji namna kirai hicho kinavyohakikiwa, kisha yanakichunguza ndani ya sentensi na ndani ya maandishi madogo ya biashara ya Kariakoo, Dar es Salaam. Hoja yake ni kwamba kasoro ya kirai haimo katika asili yake ya kigeni. Imo katika kufuta mpaka kati ya lililotokea baadaye na lililo na uzito zaidi, na katika kuiacha ahadi iliyoandikwa bila saa inayojulikana.

Jina la soko na kirai cha gazeti

Kariakoo ni kirai cha Kiingereza. Majeshi ya Waingereza yalipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, uwanda uliokuwa magharibi ya mji ukawa kambi ya wapagazi wa vita, kikosi kilichojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps. Wenyeji walilichukua jina kwa sikio. Herufi p na s zilizo mwishoni mwa neno la pili hazitamkwi na Waingereza wenyewe, kwa hiyo sikio la Kiswahili halikukosea kitu: karia, koo. Nairobi nako kuna mtaa uliorithi jina la kikosi hichohicho, nao huandikwa Kariokor, tahajia inayomrudisha msomaji nusu ya njia kwenye Kiingereza. Jina la Dar es Salaam lilimaliza safari yake. Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo hahitaji kujua habari za wapagazi wa vita ili aseme anakwenda Kariakoo, na ni vigumu kumpata mlinzi wa lugha anayekerwa na jina hilo.

Karne moja baadaye, katika mitaa hiyohiyo, kimeingia kirai kingine cha Kiingereza, ila hiki hakikuingia kwa sauti. At the end of the day kimevuliwa maneno yake yote na kuvishwa ya Kiswahili: mwisho wa siku. Kila neno ndani yake ni la Kibantu, na kila kiungo kimekaa mahali pake kisarufi. Mhariri anayewinda maneno ya kigeni katika kurasa za gazeti anaweza kukipita mara kumi asikione. Hakikwaruzi sikio kama yanavyokwaruza maneno ya Kiingereza yanayotumbukizwa mazima ndani ya sentensi, na pengine kutokukwaruza huko ndiko kulikokifikisha mbali. Mwanasiasa anakitumia kufungia hoja na mtangazaji wa mpira anafungia mchezo. Mwanafunzi wa uzamili anakiweka mwanzoni mwa aya ya mwisho ya sura, mahali ambapo msimamizi wake alitarajia kukuta hitimisho.

Ukopaji wa maana kwa njia hii si jambo geni wala si kosa. "Vita baridi" na "mkutano wa kilele" vilifasiriwa vivyo hivyo, sehemu kwa sehemu, na leo vimo katika Kiswahili sanifu bila ugomvi. Swali la mhakiki basi haliwezi kuwa kama kirai kimefasiriwa. Linapaswa kuwa kama kirai, kikiisha kuandikwa, kinamwambia msomaji jambo moja linalojulikana.

Hoja mbili zisizotosha

Uhakiki wa "mwisho wa siku" umezoea kwenda njia mbili. Ya kwanza ni ya watetezi wa usafi wa lugha, wanaosema kuwa hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kitangulizi cha Tafsiri cha Mwansoko na wenzake, kitabu kinachofahamika vyema vyuoni, kinatofautisha tafsiri ya neno kwa neno na tafsiri ya mawasiliano. Mtetezi wa usafi hutosheka kukiweka kirai katika fungu la kwanza na kutoa hukumu papo hapo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Ikifuatwa kwa uaminifu itabidi kuondoa na "vita baridi", jambo ambalo hakuna anayelitaka. Tena haisemi kwa nini mzungumzaji mwenye Kiswahili kizuri, aliyelelewa Gerezani au Ilala na asiyefikiri kwa Kiingereza hata kidogo, anakitumia kirai hiki bila kusita.

Njia ya pili ni ya wale wanaosema kwamba lugha hukua, na kwamba likishasemwa na wengi limekuwa halali. Hoja hii ina ukweli kuhusu mazungumzo. Kuhusu maandishi ina upungufu, kwa sababu wingi wa watumiaji hauthibitishi kuwa wote wanamaanisha kitu kimoja. Tena linasahauliwa kwamba wenye kirai wenyewe wamekwisha kukichoka. Asasi ya Uingereza inayotetea lugha nyepesi na wazi, Plain English Campaign, ilipowauliza wafuasi wake mwaka 2004 ni misemo gani inayowaudhi, kirai hicho ndicho kilichoongoza. Lawama kubwa dhidi yake huko ni kwamba hujaza nafasi bila kuongeza maana. Kiswahili kimelipokea vazi hili likiwa limekwisha kuchakaa kwa mwenyewe.

Wala Kiswahili hakikuwa peke yake. Wajerumani nao wana am Ende des Tages, tafsiri ya namna hiyohiyo, na wapo wanaoilalamikia kwa kuwa lugha yao ilikuwa tayari na unterm Strich, yaani chini ya mstari, ule mstari unaochorwa chini ya tarakimu kabla ya kuandika jumla. Wafaransa husema au bout du compte, mwishoni mwa hesabu. Lugha hizi mbili zilichukua taswira yake katika kuhesabu. Kiingereza kilichukua taswira katika siku inayokwisha, jioni mtu anapoketi na kutazama alichopata. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Kiswahili nacho, kabla ya kukutana na taswira ya Kiingereza, kilikuwa na taswira yake ya kuhesabu, na iko hai hadi leo: yote tisa, kumi.

Msemo huo haujapewa heshima unayostahili. Kumi ndilo fungu linalotimia. Tisa zote zinaweza kuwa za kweli na bado hesabu haijakamilika. Anayesema "yote tisa, kumi afya" amekubali kuwa mengine yote aliyoyataja yana thamani, kisha ameliweka moja juu yake. Hiyo ndiyo kazi hasa ya kirai cha Kiingereza kinapotumiwa vyema. Kutaja kwamba mambo mengi yamepimwa, na kwamba moja limelemea mizani, Kiswahili kilikuwa kikiweza kwa maneno matatu.

Mwisho wenye mwenyewe

Kwa upande wa wakati, Kiswahili kilikuwa na "hatimaye" na "mwishowe". Ni maneno yanayopitwa haraka kwa sababu yamezoeleka, lakini umbo lake lina somo. "Hatimaye" ni hatima yake. "Mwishowe" ni mwisho wake. Kila moja limebeba kimilikishi kilichofupishwa, na kimilikishi hicho hutazama nyuma: kinadai kuwepo kwa jambo lililokwisha kutajwa, ambalo mwisho huu ni wake. Msomaji akikutana na "hatimaye" anajua kuwa mwisho unaotajwa una mwenyewe, iwe ni safari, ugomvi, mazungumzo au maradhi. Mshikamano wa matini umefungwa ndani ya neno lenyewe kwa silabi moja ya mwisho.

"Mwisho wa siku" hakina silabi hiyo. Mwenye mwisho ametajwa waziwazi, naye ni siku, lakini siku hiyo mara nyingi haikuwamo katika habari. Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mjadala huu, ila hazitamshangaza msomaji wa magazeti:

(1) Wafanyabiashara walijadiliana kwa siku tatu, na mwisho wa siku wakakubaliana.
(2) Bei ni nafuu na duka liko barabarani, lakini mwisho wa siku mteja anataka bidhaa bora.
(3) Mwisho wa siku muuzaji ndiye anayepata hasara.

Katika (1) siku tatu zimetajwa, kisha siku moja isiyojulikana imekwisha. Msomaji anayesoma kwa makini atauliza kama walikubaliana jioni ya siku ya tatu, au baada ya siku tatu kwa jumla. "Hatimaye" ingemwondolea shaka. Katika (2) hakuna wakati wowote unaozungumziwa. Mteja anataka bidhaa bora asubuhi kama anavyoitaka jioni. Kinachosemwa ni uzito, na "yote tisa, kumi mteja anataka bidhaa bora" ingelisema bila mzunguko. Mwandishi anayeona msemo huo una harufu ya barazani anaweza kuandika "la msingi ni kwamba mteja anataka bidhaa bora", na hatakuwa amepoteza kitu.

Sentensi ya (3) ndiyo ngumu, na ndiyo inayoonyesha kuwa kasoro si ya mtindo peke yake. Inaweza kumaanisha kwamba muuzaji atapata hasara baadaye, au kwamba kila jioni anapohesabu fedha anakuta pengo, au kwamba, ukiyaweka yote kwenye mizani, hasara ni yake hata kama leo anaonekana kufaidika. Tafsiri hizi tatu zingeongoza kwenye maamuzi matatu tofauti kama sentensi hiyo ingekuwa ndani ya ripoti ya chama cha wafanyabiashara. Katika mazungumzo, kituo cha sauti na uso wa msemaji vingesaidia kuchagua. Kwenye karatasi hakuna uso.

Sarufi inaongeza utata mwingine ambao Kiingereza hakina. Nomino "siku" imo katika ngeli ya I-/ZI-, nayo haibadiliki katika umoja na wingi: siku hii, siku hizi. Bila kivumishi, "mwisho wa siku" ni mwisho wa siku moja na pia ni mwisho wa siku nyingi. Kiingereza kina alama ya umoja katika nomino na kina kibainishi mbele yake. Vyote viwili vimepotea njiani. Ndiyo sababu masikio ya wazee, Waislamu kwa Wakristo, husikia ndani ya kirai hiki mwangwi ambao mfasiri hakuukusudia. "Siku ya mwisho" ni Kiyama, na "siku za mwisho" ni zile zinazoitangulia. Mhubiri anayesema "mwisho wa siku tutaulizwa" ameungana na wasikilizaji wake kwa bahati njema. Waziri anayesema "mwisho wa siku barabara itakamilika" huenda asifurahie kujua walichosikia wengine.

Siku ya Kariakoo

Kuna sababu iliyofanya kirai hiki kipate makao kwa urahisi Dar es Salaam, na hasa katikati ya mji, sababu ambayo watetezi wa usafi hawaitazami. Mitaani huko, mwisho wa siku ni jambo la kweli. Dereva wa daladala au bajaji isiyo yake hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku. Neno "hesabu" lenyewe limepata maana ya kiasi kile cha fedha, na dereva husema hesabu imetimia au haijatimia. Mwenye duka la jumla hufunga hesabu kabla ya kushusha mlango. Machinga hukunja turubai na kupanga noti. Kwa watu hawa, kusema kwamba mwisho wa siku ndiko ukweli unakojulikana hakuhitaji Kiingereza. Taswira ya kigeni ilikuta maisha yanayofanana nayo, ikaonekana ya nyumbani. Hilo linastahili kukubaliwa kabla ya kukosoa chochote, maana bila hilo haieleweki kwa nini "mwisho wa siku" kimeenea namna hii na tafsiri nyingine za aina yake zikafia katika kurasa za wanafunzi.

Lakini ukaribu huohuo ndio unaoleta hatari. Mahali ambapo siku huisha kwa fedha mkononi, maana ya moja kwa moja na maana ya kitamathali huishi mtaa mmoja, na maandishi hayawezi kudhani kuwa msomaji atajua ni ipi iliyobisha hodi. Tena siku yenyewe, Kariakoo, haina mwisho mmoja.

Ya kwanza ni siku ya jua. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kutoka mapambazuko, na saa 12 jioni, thenashara ya wazee, ni pale jua linapotua. Dar es Salaam, iliyo karibu na Ikweta, haioni tofauti kubwa ya urefu wa mchana kwa mwaka mzima. Kwa hesabu ya zamani, ambayo Waislamu wa mwambao wanaiishi kila mwezi wa Ramadhani, magharibi haifungi mchana tu. Hufungua siku mpya. Mwezi ukiandama jioni, Ramadhani imekwisha kuingia na tarawehe husaliwa usiku huohuo, kabla ya saumu ya kwanza. Usiku humtangulia mchana wake. Magazeti ya Kiswahili yameuhifadhi mpango huu kwa namna inayopendeza: bado yanaandika "usiku wa kuamkia". Jengo la soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Jumamosi tarehe 10 Julai 2021, baada ya giza kuingia. Mzee wa Mtaa wa Sikukuu angeweza kusema kwa haki kwamba moto ulikuwa wa usiku wa Jumapili, na kijana wake akasema kwa haki vilevile kwamba ulikuwa wa Jumamosi usiku. "Usiku wa kuamkia Jumapili" huwapatanisha. Ni mfano wa kirai kilichotengenezwa na lugha ili kuzuia ugomvi wa saa, na ubora wake unaonekana ukiwekwa kando ya "mwisho wa siku", ambacho huuzua.

Ya pili ni siku ya duka, inayokwisha mlango unaposhushwa, na kila mlango una saa yake. Ya tatu ni siku ya mashine. Mfanyabiashara anayetumia mashine ya risiti za kielektroniki, EFD, anatakiwa kutoa ripoti ya Z ya kila siku inayofunga mauzo. Siku hiyo ni ya saa 24 na haijali jua wala mlango. Mpango wa kufanya biashara ya Kariakoo iwe ya usiku na mchana, ambao mamlaka za mkoa zimeutangaza katika miaka ya karibuni, unazidi kuitenga siku ya duka na siku ya jua. Soko lisilofungwa halina mwisho wa siku kabisa, kwa maana ya kwanza ya maneno hayo.

Mali kauli inapoandikwa

Athari ya haya yote huonekana wazi zaidi katika mkopo unaojulikana kama mali kauli. Mchuuzi asiye na mtaji huenda kwa tajiri wake asubuhi, akapewa bidhaa bila kulipa, akaziuza na kurudisha fedha. Dhamana yake ni neno lake, na ndiyo maana ya jina. Ni utaratibu wa zamani, wenye adabu yake: tajiri anamjua mchuuzi, anajua anakolala, anajua nani alimleta. Maadamu kauli ilibaki kauli, maneno "nitakuletea jioni" yalitosha, kwa sababu jioni ya wawili hao ilijulikana kwao.

Siku hizi kauli huandikwa. Huandikwa kwenye daftari la duka na kwenye ujumbe wa simu, mara nyingi na watu ambao hawajuani kama walivyojuana wazee wao. Tuseme imeandikwa hivi:

(4) Nimechukua jozi ishirini za viatu. Nitalipa mwisho wa siku.

Tajiri anaisoma kama deni la leo, kabla hajafunga. Mchuuzi aliyepanga kuuza hadi saa nne usiku anaisoma kama leo, akimaliza. Na kuna tafsiri ya tatu, iliyoletwa na kirai cha Kiingereza na ambayo kabla yake isingewezekana: nitalipa tu, hatimaye, usiwe na wasiwasi. Sentensi (4) katika kizazi kilichopita ingekuwa na utata wa saa chache. Leo ina utata wa wiki. Maana ya kitamathali imeila ile ya kawaida kwa ndani, na hasara hiyo haimhusu mhariri wa gazeti peke yake. Inamhusu mtu mwenye jozi ishirini za viatu ambazo hazijalipwa.

Hapa ndipo uhakiki wa lugha unapogusana na sheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haiyapi nguvu mapatano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kubainishwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mahakama za mwanzo zilikwisha kuitumia kwa miaka mingi kabla ya hapo. Karatasi ya mali kauli itasomwa mbele ya hakimu kwa maneno yake yenyewe, bila tafsiri. Pengine hakimu ataibainisha maana kwa kuuliza desturi ya biashara mtaani. Lakini mara desturi inapokuwa ndiyo inayogombaniwa, kirai kimeshindwa kazi ambayo kiliandikwa ili kuifanya.

Wataalamu wa mtindo hupenda kusema kwamba utata ni uzuri wa lugha. Ni kweli katika ushairi. Katika daftari la deni utata una upande, nao kwa kawaida si wa mwenye mali.

Kukitumia na kukiacha

Haifuati kwamba kirai kifukuzwe. Katika maana yake ya moja kwa moja, "mwisho wa siku" ni Kiswahili safi na kilikuwa hivyo kabla ya magazeti. Kinachohitaji ni kivumishi cha kuifunga siku isiteleze. "Mwisho wa siku hiyo", "kila mwisho wa siku ya kazi": hapo ngeli imepata umoja wake na msomaji amepata saa. Mara nyingi "jioni" hutosha, na kwa wenye kuhesabu kwa swala, "kabla ya magharibi" ni sahihi kuliko saa ya ukutani. Kipimo rahisi kwa mwandishi ni kujaribu kuweka "jioni" mahali pa kirai. Sentensi ikisimama, kirai kimetumika kwa haki. Isiposimama, mwandishi ajiulize kama alitaka kusema lililofuatia au lililolemea, kisha achague kati ya "hatimaye" na "yote tisa, kumi". Asipoweza kuchagua, inaelekea hakuwa bado na jambo la kusema, na kirai kilikuwa kimemfichia hilo.

Fasihi inadai uamuzi mwingine. Mwandishi wa riwaya anayemweka dalali wa Msimbazi kwenye ukurasa na kumnyima "mwisho wa siku" atakuwa amemnyang'anya sauti yake, kwa kuwa dalali wa kweli anakisema mara tano kabla ya chakula cha mchana. Mdomoni mwa mhusika kirai hiki ni taarifa: kinamtambulisha kama mtu wa mji, msikilizaji wa redio, mwenye kupenda kuonekana amepima mambo. Mdomoni mwa msimulizi hakina kazi hiyo, na msimulizi anayekiazima kwa wahusika wake amepoteza umbali uliokuwa ukimwezesha kuwaona. Riwaya pendwa ya Dar es Salaam inao msingi wa kulifahamu hili. Ben Mtobwa alipoipa riwaya yake jina la Dar es Salaam Usiku, alikuwa ameuweka wazi mji ambao shughuli zake nyingi huanza pale mwisho wa siku ya jua unapofika.

Kwenye daftari la duka hakuna msimulizi wala mhusika, na (4) ingeweza kuandikwa hivi:

(5) Nimechukua jozi ishirini za viatu. Nitalipa leo kabla ya saa 12 jioni.

Maneno yaliyoongezeka ni machache, na hakuna hata moja la kujifunza upya. Bado wapo wachuuzi ambao hawatakubali kuandika (5), na si kwa kukosa Kiswahili. Anayejua kwamba viatu huenda visiuzwe leo ana sababu nzuri ya kuipenda (4), kama waziri wa barabara alivyo na sababu ya kutotaja mwezi. Kwa mtu huyo, mwenye daftari anayemwambia abadilishe kirai hamfundishi lugha. Anamwomba tarehe.